Mpiga mbizi, kompyuta yako haijui kwamba leo unapanda SGR

Kiongozi wa watalii anayetoka majini Diani saa tano na nusu asubuhi, baada ya kuzamia mara mbili, kisha akapanda treni ya saa tisa alasiri kwenda Nairobi, amejiweka katika hatari ileile ya mtu aliyetoka majini na kukimbilia ndege. Wengi wanaofanya kazi ya mbizi katika pwani ya kusini wanaijua habari ya ndege, kwa kuwa hufundishwa siku za mwanzo za mafunzo. Habari ya treni, basi na gari la kibinafsi haizungumzwi sana, ilhali ndivyo vyombo ambavyo wafanyakazi wenyewe husafiria.

Tatizo ni mwinuko. Ndani ya ndege kubwa ya abiria, presha ya hewa hushikiliwa iwe kama ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Jiji la Nairobi liko takriban mita 1,700. Kwa mwili uliotoka majini, tofauti kati ya kiti cha ndege na kitanda cha Nairobi ni ndogo mno. Anayeendelea na safari hadi Limuru atakuwa amepita mita 2,200, na anayekwenda Eldoret kupitia Timboroa atavuka mahali palipo juu ya mita 2,700, ambapo hewa ni nyepesi kuliko ile ya ndani ya ndege.

Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta ya mbizi inavyofanya kazi, mipangilio miwili ambayo mara nyingi mwenyewe ndiye hupaswa kuiweka, yaani mwinuko na hali ya mwili, na muda wa kusubiri kabla ya kupanda bara.

Kinachotokea mwilini

Karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni nitrojeni. Mtu akiwa nchi kavu, nitrojeni huingia na kutoka bila kuudhuru mwili. Chini ya maji mambo hubadilika, kwa sababu kila mita 10 za kina huongeza presha sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu ufukweni. Katika mita 20, mpiga mbizi anapumua hewa yenye presha mara tatu ya ile ya nchi kavu, na nitrojeni huyeyuka katika damu, misuli na mafuta ya mwili kama gesi inavyoyeyuka ndani ya soda iliyofungwa.

Anapopanda polepole, nitrojeni hutoka kupitia mapafu. Anapopanda haraka, au anapokwenda mahali ambapo presha ya nje ni ndogo kabla mwili haujamaliza kuitoa, gesi hiyo hujitenga na kufanya viputo ndani ya viungo, damu au uti wa mgongo. Aliyewahi kubeba pakiti ya krispi kutoka Mombasa hadi Nairobi na kuikuta imevimba ameona nguvu hiyo kwa macho. Hakuna aliyeongeza hewa ndani ya pakiti. Iliyopungua ni hewa ya nje.

Mwaka 1908, mwanasayansi wa Uingereza John Scott Haldane na wenzake walichapisha majedwali ya kupanda kutoka majini kwa usalama, baada ya majaribio mengi yaliyofanywa kwa mbuzi. Wazo lao lilikuwa kwamba sehemu za mwili hazijai wala kutoa nitrojeni kwa kasi moja: damu ni haraka, mafuta na viungo ni polepole. Kompyuta za leo bado zimejengwa juu ya wazo hilo. Kifaa hupima presha na muda kila baada ya sekunde chache, hukadiria nitrojeni iliyoingia katika kila sehemu, kisha humwonyesha mpiga mbizi dakika alizobakiza.

Kukadiria ndilo neno la kushika. Kompyuta haipimi damu ya anayeivaa. Haijui kama ana miaka 25 au 55, kama alilala saa nane au saa tatu, wala kama atashinda ufukweni au atapanda treni. Inakokotoa mwili wa mfano, na mwenye mwili halisi ndiye anayetakiwa kuieleza tofauti.

Mwinuko wa mahali unapozamia

Msomaji wa Kwale anaweza kuuliza mambo ya mwinuko yanamhusu nini mtu anayefanya kazi Diani, Shimoni au Wasini. Jibu ni kwamba ujuzi wa kupiga mbizi husafiri. Helikopta ilipoanguka katika Ziwa Nakuru mnamo Oktoba 2017, wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji walihusika katika msako uliofanyika zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nakuru ni la kina kifupi, na hilo hupunguza hatari. Hali haiwi hivyo katika kila ziwa au bwawa la bara.

Uswisi, nchi ya maziwa ya milimani, ndiko suala hili lilikochunguzwa sana. Dkt Albert Bühlmann wa Zürich alitafiti kwa miaka mingi jinsi mwili unavyotoa nitrojeni pale ambapo hewa ya juu ni nyepesi, akachapisha kitabu chake mwaka 1983, na hesabu zake ndizo zinazotumika katika kompyuta nyingi zinazouzwa sasa.

Mfano wa Ziwa Victoria unatosha. Ziwa hilo liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ina takriban asilimia 87 tu ya presha ya ufukwe wa Diani. Mtu anayezamia mita 20 huko, kisha akapanda hadi juu, anatoka kwenye presha kubwa na kuingia katika hewa nyepesi kuliko ya pwani. Tofauti hiyo ni sawa na kutoka kina cha mita 23 baharini. Katika jedwali la PADI ambalo viongozi wengi walijifunzia, mita 20 baharini huruhusu dakika 45. Mita 23 haina mstari wake, hivyo mtu huchukua ule wa mita 25, unaoruhusu dakika 29. Kompyuta inayodhani iko Diani itampa mpiga mbizi wa Kisumu robo saa ambayo hapaswi kuwa nayo.

Baadhi ya kompyuta hupima presha ya mahali zenyewe. Hizo ziwashwe ukingoni mwa ziwa kabla ya kuingia majini, si baada ya kuzama, ili zisome hewa ya hapo. Nyingine humtaka mtumiaji aweke mwinuko kwa mkono. Katika aina za Suunto zinazotumiwa sana na wanaoanza, kama Zoop, mpangilio wa A0 ni wa kutoka usawa wa bahari hadi mita 300, A1 ni mita 300 hadi 1,500, na A2 ni mita 1,500 hadi 3,000. Kisumu ni A1. Naivasha na Nakuru ni A2. Ziwa Chala, mpakani mwa Taita Taveta na Tanzania, ni A1. Watengenezaji wa aina nyingine hugawanya ngazi zao kwa namna tofauti, hivyo kijitabu cha kifaa kisitupwe pamoja na sanduku.

Anayetoka Pwani kwenda kuzamia bara pia anafika na mwili uliozoea presha ya pwani. Suunto hushauri kusubiri saa tatu au zaidi katika mwinuko mpya kabla ya kuingia majini. Familia zikiwa zimesimama ukingoni zikisubiri mpendwa wao atolewe, saa tatu huonekana kama ukatili. Kiongozi wa msako aweke muda huo kwenye mpango tangu gari linapoondoka Pwani, na awaeleze familia mapema, badala ya kungoja mpaka ajikute akisukumwa na umati.

Kusahau kurejesha mpangilio kunaweza kutokea pande mbili, na uzito wake haulingani. Kompyuta iliyoachwa A2 ikarudi Diani itapunguza dakika za mtumiaji na kumkera tu. Iliyoachwa A0 ikaenda Naivasha inaweza kumjeruhi.

Kupanda bara baada ya mbizi

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kuweka A2 hakumlindi mtu aliyezamia Diani mchana na kusafiri Nairobi jioni, kwa sababu mpangilio huo unahusu mahali pa kuzamia, hauhusu safari inayofuata. Kwa safari, kompyuta nyingi huwa na alama ya ndege pamoja na saa zinazohesabiwa kurudi nyuma. Alama hiyo isomwe pia na anayepanda treni, basi au gari.

Shirika la kimataifa la usalama wa wapiga mbizi, Divers Alert Network, linashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya lazima wakati wa kupanda, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa kwa siku au za siku mfululizo. Waliozamia hadi kulazimika kusimama njiani kutoa nitrojeni wanatakiwa kusubiri zaidi ya hizo 18 kwa kiasi kikubwa. Ushauri huo unahusu mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400, kwa mtu ambaye hana dalili zozote. Unapunguza hatari, hauiondoi.

Rudi kwa kiongozi wetu aliyetoka majini saa tano na nusu asubuhi baada ya mbizi mbili. Saa zake 18 zinatimia saa kumi na moja na nusu alfajiri ya siku inayofuata. Akipanda treni ya saa tisa alasiri, kabla ya jua kutua atakuwa amepita Mtito Andei, zaidi ya mita 700 juu, bado akidaiwa saa nyingi. Treni ya usiku ya saa nne nayo humvusha Voi kama saa 12 tu baada ya kutoka majini. Kwa mbizi moja, muda huo uko ukingoni kabisa. Kwa mbizi mbili hautoshi. Treni inayomfaa ni ya asubuhi ya kesho yake. Barabara ya Dongo Kundu, iliyowaondolea wengi foleni ya feri ya Likoni, imefanya iwe rahisi kutoka ufukweni hadi kituo cha Miritini bila kuchelewa. Kwa mpiga mbizi, urahisi huo una upande wake wa pili, maana ile foleni ilimla saa ambazo mwili ulizihitaji.

Wanaolala mji wa Kwale au Shimba Hills hawana haja ya kuhofu kupanda nyumbani jioni, kwa kuwa maeneo hayo yako chini ya mita 600. Aliye na kwao Wundanyi ahesabu kama anayekwenda bara. Kwa ndege ndogo zinazotoka uwanja wa Ukunda, abiria aulize kama ndege yake ina mfumo wa kushikilia presha. Zile zisizo nao humweka abiria katika hewa ya kimo chochote ambacho rubani ataruka.

Mtalii kwa kawaida huambiwa haya yote, na hoteli humpangia siku ya mwisho bila mbizi. Anayesahauliwa ni kijana aliyembebea mtungi. Yeye amezamia siku sita mfululizo, anamaliza kazi Ijumaa mchana, na ruhusa yake ya siku tatu haina nafasi ya kupoteza usiku mzima. Meneja anayepanga zamu anaweza kulimaliza tatizo hilo kwa kalamu tu: siku ya mwisho kabla ya likizo, mfanyakazi abaki kwenye boti au ofisini.

Mwili ulio nao leo

Mpangilio wa pili ni wa hali ya mtu binafsi. Kwenye Zoop huandikwa P0, P1 na P2. P0 ni ya mtu mwenye afya njema katika mazingira mazuri, P1 ni pale penye baadhi ya vihatarishi, na P2 ni pale vinapokuwa kadhaa. Kompyuta za Shearwater hutumia jozi za asilimia, kama 45/95, 40/85 na 35/75. Kadiri nambari zinavyoshuka ndivyo kifaa kinavyomweka mtumiaji mbali zaidi na ukingo wa hatari. Majina yanatofautiana lakini matokeo ni mamoja: dakika chache zaidi za tahadhari.

Vihatarishi vinavyojulikana ni pamoja na umri mkubwa, unene, uchovu, kukosa usingizi, upungufu wa maji mwilini, pombe, baridi, jeraha la karibuni, na kazi nzito kabla au baada ya kuzamia. Hakuna kipimo kinachosema kila kimoja kina uzito gani, kwa hiyo uamuzi hubaki kwa mtu kujitazama kwa haki. Baadhi ya watu pia wana tundu dogo kati ya vyumba vya juu vya moyo, lililobaki tangu kuzaliwa. Takriban mtu mmoja kati ya wanne analo na wengi hawajui, na linaweza kupitisha viputo hadi upande wa damu inayokwenda ubongoni. Aliyewahi kuugua ugonjwa wa viputo asijifariji kwa P2. Amwone daktari kwanza. Mjamzito asizamie kabisa.

Kwa wafanyakazi wa pwani yetu, orodha hiyo inasomeka kama maelezo ya siku ya kawaida. Kiongozi huamka mapema, hubeba mitungi juani, huzamia mara mbili au tatu, na baina yake huvuta nanga. Wakati wa kusi, maji hupoa na mawimbi humchosha kabla hajazama. Katika mwezi wa Ramadhani, aliyefunga huingia majini bila kunywa tangu daku, na upungufu wa maji huongezeka kadiri jua linavyopanda. Kwa mwezi huo ni busara kupanga mbizi mapema asubuhi, kupunguza kina na idadi, na kuweka P1 au P2 hata kwa kijana mwenye nguvu. Aliyekesha kwenye mnazi wa arusi naye anajua anapostahili kuwa, na pengine ni juu ya boti.

Upinzani hutoka kwa mteja aliyelipa na anayetaka dakika zake. Kompyuta ya kiongozi ikiwa P2 na ya mgeni ikiwa P0, ya kiongozi itaagiza kupanda kwanza. Kanuni katika fani hii ni kwamba kundi hufuata kompyuta iliyo na tahadhari zaidi, na hilo lielezwe ufukweni, kabla ya injini kuwashwa. Kiongozi asiyelieleza mapema hujikuta akibonyeza kifaa chake kurudi P0 ili asigombane, na hapo kifaa kimebaki kuwa saa ya kujua wakati.

Kuna pia desturi ya kuazimana. Watu wawili hawawezi kutumia kompyuta moja, hata wakiwa bega kwa bega, na aliyezamia asubuhi bila kompyuta asichukue ya mwenzake mchana, kwa kuwa itahesabu nitrojeni ya mtu mwingine. Katika aina fulani, kubadilisha betri hufuta kumbukumbu ya mbizi zilizotangulia, hivyo kazi hiyo isifanywe katikati ya siku za kuzamia.

Dalili zikianza

Maumivu ya bega, kiwiko au goti, ganzi, miguu kukosa nguvu, kizunguzungu, vipele, shida ya kukojoa na uchovu usio wa kawaida ni dalili za kutiliwa maanani. Nyingi hujitokeza ndani ya saa chache, lakini zinaweza kuchelewa hadi siku inayofuata, au kuanza safarini treni inapopanda. Kwa kuwa zinafanana na malaria au maumivu ya kazi, wagonjwa wengi hupewa dawa ya kutuliza na kuambiwa walale. Mhudumu wa afya anayempokea mkazi wa ufukweni mwenye ganzi miguuni amuulize swali moja la ziada: ulizamia lini mara ya mwisho?

Mgonjwa alazwe chali na apewe oksijeni safi bila kungoja uhakika wa ugonjwa. Kama ana fahamu na hatapiki, anywe maji. Asirudishwe majini ili maumivu yapungue, hata kama wazee wa bahari wamewahi kuona ikimsaidia mtu. Anaweza kuishiwa nguvu akiwa chini. Asisafirishwe kwenda Nairobi kwa barabara au ndege ya kawaida. Matibabu yake ni chumba cha presha, na kilicho karibu ni cha kambi ya Jeshi la Wanamaji, Mtongwe. Kituo cha mbizi au hospitali ipige simu huko kabla ya kumpeleka. Kompyuta yake ifuatane naye mkononi, bila kuzimwa wala kufunguliwa betri, kwa kuwa ndani yake mna kina, dakika na kasi ya kupanda kwa kila mbizi, mambo ambayo mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kuyaeleza.